Mshono wa Simu Mbili

Nyamisati simu haipimwi kwa kamera. Inapimwa kwa nyota mia moja hamsini, nyota sifuri sifuri, reli. Ikifungua menyu ya M-Pesa ni simu. Isipofungua ni kioo cha kujitazamia.

Nilinunua kambamiti kilo mbili kwa dada mmoja aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na gati. Boti ya Mafia ilikuwa inangoja maji yajae, na abiria walishachoka kuulizana saa. Dada akanitajia namba yake, nami nikatoa simu yangu: Sony Xperia X ya mtumba niliyoichukua Kariakoo, nikaifuta Android yake na kuiwekea mfumo mwingine uitwao Sailfish. Mambo yake mengi huendeshwa kwa kuvuta kidole kutoka ukingoni mwa kioo. Dada akanitazama nikivuta kulia, kushoto, juu.

"Kaka, hiyo nayo simu, au unafuta vumbi?"

Nikaandika nyota zangu. Menyu ikafunguka, nikachagua, nikatuma, na punde simu yake ikalia ndani ya pindo la khanga. Akasoma, akaguna. Mimi nikashusha pumzi, maana naijua njia iliyopitwa na ile menyu mpaka ikafika kwenye kioo changu, na ni njia iliyojengwa kwa mikono ya watu wa kambi mbili ambao waajiri wao walishaachana zamani.

Kambi ya kwanza ilikuwa ya Nokia. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilitoa kifaa kiitwacho 770, kishkwambi kidogo kabla watu hawajazoea vishkwambi, kikiendeshwa na mfumo wa Maemo uliojengwa juu ya Linux. Kambi ya pili ilikuwa ya Intel, iliyoanzisha Moblin mwaka 2007 kwa ajili ya kompyuta ndogo za vichakataji vya Atom, nayo pia ni Linux. Tarehe 15 Februari 2010, mjini Barcelona, wenye kambi hizo wakatangaza kwamba mifumo hiyo miwili itakuwa mmoja, jina lake MeeGo, na itakaa chini ya paa la Linux Foundation ili asiwepo wa kusema ni yangu peke yangu.

Ukisikia hivyo ukiwa Rufiji unaona jambo la kawaida. Simama kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwapumzisha watu foleni ya kivuko cha Ndundu, utazame maji yanayopita chini. Hayo ni ya Kilombero na Luwegu, mito miwili iliyokutana huko juu na kuanza kuitwa jina la tatu. Kilombero ndiyo yenye kuleta zaidi ya nusu ya maji yote, lakini haikupewa jina. Mbele ya makutano hayo unaingia Ruaha Mkuu na kupoteza la kwake, karibu na korongo la Stiegler, palipojengwa Bwawa la Julius Nyerere. Mpaka maji yanafika kwenye mikoko na kugawanyika tena kuelekea milango ya Simba Uranga na Msala, hakuna awezaye kuchota ndoo akakuambia hili ni la Kilombero na hili ni la Luwegu.

Maji lakini yana bahati, yanachanganyika yenyewe. Msimbo wa kompyuta hauchanganyiki. Ukimimina mmoja juu ya mwingine vyote viwili vinakufa. Kwa hiyo yuko mtu, mahali fulani, aliyekaa usiku mbele ya kioo akiunganisha mstari kwa mstari, na kazi ya mtu huyo sijaona ikisifiwa inavyostahili.

Nieleze inavyofanyika. Chukua daftari la michango ya msiba. Jioni linanakiliwa mara mbili, mmoja anakwenda na nakala yake upande wa mtoni, mwingine upande wa barabarani. Asubuhi wanarudi. Kwenye nakala ya kwanza lipo jina ambalo kwenye ya pili halipo. Je, huyu ameliongeza, au yule amelifuta? Ukiwa na nakala mbili tu huwezi kujua, hata ukiwa na akili za namna gani. Lazima ulitoe na lile daftari la jioni, ambalo wote wawili walianzia kwake. Ndiyo maana fundi wa kuunganisha msimbo huweka mezani vitu vitatu: tawi hili, tawi lile, na babu yao. Programu ya Git, aliyoianza Linus Torvalds mwezi Aprili 2005, imejengwa ili babu huyo asipotee. Kila badiliko linalijua lililolitangulia, na ukirudi nyuma vya kutosha unafika pale matawi yalipoachana.

Pale upande mmoja tu ulipobadilisha mstari, mashine inaunganisha yenyewe. Pale wote wawili walipougusa mstari uleule, inasimama, inaweka alama, inamwita binadamu. Watu wengi hudhani ugumu uko hapo kwenye alama. Hapana, hapo angalau umeitwa. Turudi kwenye daftari letu: tuseme mwandishi wa kwanza aliamua kuandika kwa maelfu, akafuta sifuri tatu kila mahali, elfu tano ikawa 5. Wa pili hana habari, akaongeza jina jipya kwenye ukurasa mwingine na mbele yake 2000. Mashine haioni ugomvi wowote, maana mistari ni tofauti. Inaunganisha kwa furaha, na mtu aliyetoa shilingi elfu mbili anasomeka ametoa milioni mbili. Makosa ya aina hii hayana alama. Yanaonekana kwa aliyesoma daftari lote na kuuliza kila mwandishi alikuwa na nia gani.

Kwa sababu hiyo mafundi wa kweli wanatambulikana kwa maneno wanayoyaacha pembeni ya kazi. Kila kiraka (na hili neno letu la nguo na mashua limewaingia vizuri kuliko mengi yaliyotungwa maofisini) huja na maelezo mafupi: nimebadilisha nini, na kwa nini. Wavivu huandika "marekebisho". Mwenye ustadi huandika kana kwamba anamwachia wosia mtu asiyemjua, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Sasa, Maemo na Moblin zilikuwa na shida kubwa kuliko mistari kugongana. Kwa mambo mengi babu yao hakuwa wa karibu. Maemo ilitoka ukoo wa Debian, Moblin ya wakati ule ilikuwa imesogea upande wa Fedora, na koo hizi mbili hata kufunga programu hazifungi kwa namna moja. Moja hufunga vifurushi vya deb, nyingine vya RPM. (Mtanzania akisikia vifurushi anawaza megabaiti na wiki nzima ya dakika. Hapa ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo ya jinsi ya kuifungua.) Huwezi kuchukua nusu ya deb na nusu ya RPM. Ikaamuliwa: ufungaji utafuata RPM ya Moblin, na vifaa vya kujengea sura ya mfumo, vitufe na kurasa na kila kinachoguswa, vitakuwa Qt, ambayo Nokia iliipata iliponunua kampuni ya Trolltech ya Norway mwaka 2008.

Kila upande ukapoteza kitu ulichokipenda. Watu wa Maemo, wengi wao wa kujitolea, walikuwa na miaka ya mazoea ya deb mikononi. Wakaambiwa waanze upya. Watu wa Moblin walikuwa wamejenga sura yao kwa zana nyingine, nao wakaambiwa wazifungashe. Ugomvi wa deb na RPM ulikuwa mkali kiasi cha kumshangaza mtu wa nje, lakini fundi yeyote anaelewa. Mnyang'anye seremala randa aliyoizoea, umpe nyingine hata kama ni nzuri zaidi, utaona siku yake inavyokwenda.

Na kuna kichekesho. Simu iliyobeba jina la MeeGo kwa heshima zaidi, Nokia N9 ya mwaka 2011, ndani yake ilikuwa bado imefungwa kwa deb. Jina MeeGo, mifupa Maemo. Sisi tusicheke sana. Kibiti ilikatwa kutoka wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010, na katika mgawo huo delta ikaangukia Kibiti, huku jina la Rufiji likibaki na wenzetu wa Utete. Leo ukienda delta ya Rufiji uko wilaya ya Kibiti.

Pembeni ya gati, mzee mmoja alikuwa anatengeneza mashua iliyolazwa ubavu. Nilimsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba bila kunyanyua uso. Alikuwa anarefusha ubao. Ameukata mwisho wake kwa mshazari mrefu, na ubao wa pili kwa mshazari wa kinyume, ili zilaliane badala ya kugusana kwa ncha tu. Akaziweka pamoja, akainama, akaweka jicho kwenye ufa akitafuta mwanga. Akaziachanisha, akapitisha randa mara mbili, akaziweka tena. Nilihesabu mara saba. Sikuwa na la kufanya, maji yalikuwa hayajajaa. Kwenye nafasi kati ya mbao nyingine alikuwa tayari anashindilia uzi wa pamba uliotiwa mafuta, kwa patasi butu na nyundo, kwa mdundo mmoja usiobadilika.

"Ukishindilia sana, mwanangu, unauvunja," akasema, sijui kama ni kwangu au kwa ubao. "Kazi nyingine mwachie maji." Mbao zikinywa maji zinavimba na kuubana ule uzi. Mshono wa kalafati unakamilika mashua ikishaelea.

Kile kilichopitisha menyu yangu siku ile ni mshono wa aina hiyo. Kinaitwa oFono, na Intel na Nokia walikitangaza pamoja mwezi Mei 2009, miezi tisa kabla ya ile shughuli ya Barcelona. Ndiyo sehemu ya simu inayoongea na mtandao: kupiga, kupokea, ujumbe, laini. Tatizo walilokuwa nalo ni kwamba modemu, yaani kile kipande cha simu chenye redio, hazina lugha moja. Modemu nyingi huongea amri za AT, lugha iliyoanza na kampuni ya Hayes mwaka 1981, enzi za kompyuta kupiga simu ukutani. Modemu za Nokia zilikuwa na lugha yao ya ndani, ISI. Njia ya mkato ingekuwa kuandika programu mbili, kila mtu na ya kwake, kisha kuzifunga jina moja.

Hawakufanya hivyo. Katikati waliweka kiini kisichoijua modemu yoyote. Kiini kinajua kazi tu: hii ni simu inaingia, huu ni ujumbe, hii ni laini inayodai namba ya siri. Pembeni yake wakaweka wakalimani, mmoja wa AT, mmoja wa ISI, kila mmoja akitafsiri lugha ya modemu yake kwa maneno ya kiini. Programu za juu, zile tunazoziona, haziongei na modemu kamwe. Zinaongea na kiini.

Angalia walivyozishughulikia nyota zetu. Huduma ya nyota na reli si kama ujumbe mfupi. Ujumbe ukishatumwa umekwenda. Menyu ni mazungumzo: mtandao unakushikilia, unakupa orodha, unangoja, unakupa orodha nyingine. Kwa hiyo oFono inakumbuka hali tatu: hakuna mazungumzo, mazungumzo yanaendelea, au mtandao unangoja jibu la mtumiaji. Hali tatu tu. Lakini mkalimani akikosea, akasema mazungumzo yamekwisha wakati mtandao bado unangoja, basi utaiona orodha ya kwanza, utabonyeza moja, na hakuna kitakachotokea. Kambamiti utawaacha kwenye ndoo. Sidhani kama waandishi wa mistari ile walimfikiria dada wa Nyamisati, ingawa M-Pesa ilikuwa imeshaingia Tanzania mwaka 2008. Walifuata tu kanuni za mitandao kwa uaminifu mpaka mwisho wa ukurasa, kurasa ambazo mtu mwenye haraka angeziruka.

Ukifungua kumbukumbu za oFono za miaka ile unakutana na anwani za Intel na za Nokia zikipishana, kiraka cha huyu juu ya kiraka cha yule, vyote vikipita kwa jicho la wasimamizi kama Marcel Holtmann na Denis Kenzior. Kwangu mimi huo ndio muungano uliofanikiwa. Kule juu, kwenye kamati ya ufundi, kila kampuni ilikuwa na mtu wake, Imad Sousou wa Intel na Valtteri Halla wa Nokia. Jumuiya ya Maemo nayo ilikuja na desturi zake, ikiwemo baraza la kuchaguliwa kwa kura. Novemba 2010 watu wa pande zote walikutana Dublin wakaonana sura. Yote mazuri. Ila nyumba ilijengwa kabla wake wenza hawajakubaliana jiko liwe upande gani, na funguo za geti zilibaki kwa waume.

Februari 11, 2011 Nokia ikatangaza kwamba simu zake kubwa zitakwenda na Windows ya Microsoft. Septemba mwaka huohuo Intel ikahamia kwenye mradi mwingine, Tizen, pamoja na Samsung. Mwaka mmoja na nusu, basi.

Kilichookoa kazi ni desturi moja waliyoishika tangu mwanzo, na watu wa delta watanielewa upesi. Waandishi wa programu huria husema "juu mtoni" wakimaanisha pale msimbo unapoanzia, kwa wale wanaoutunza asili yake, na "chini" ni kwa sisi tunaouchukua na kuutumia. MeeGo ilikuwa na sharti: ukitengeneza kiraka, usikifiche chini kwako, kipeleke juu, kikubaliwe huko, kisha kishuke kwako na kwa wengine wote. Ni kazi ya kuchosha. Juu mtoni wana maswali mengi na hawana haraka yako. Lakini mkulima wa mlau, anayepanda maji ya mafuriko yanapojitoa, anajua rutuba ya shamba lake ilitoka wapi, na mkulima wa mpunga wa Mbuchi naye anajua. Lililofanywa juu litafika, liwe udongo mzuri au liwe mafuriko ya Aprili 2024.

Tazama Android, maana karibu kila simu janja iliyokuwa gatini siku ile ni Android. Nayo imejengwa juu ya Linux, lakini mwanzoni wajenzi wake walibaki na viraka vyao huku chini. Kikubwa kilikuwa cha usingizi. Simu hulala kila nafasi inayoipata ili kutunza chaji, na huku delta ambako kijiji kizima chaweza kutegemea sola, hilo si jambo dogo. Android ilikuwa na utaratibu wa programu kushika kufuli na kusema usilale, nina kazi. Watunzaji wa Linux hawakuupenda ulivyoandikwa. Mapema 2010, mwezi uleule wa Barcelona, toleo la 2.6.33 la Linux likatoka likiwa limeondolewa msimbo wa Android. Zikapita barua na mabishano ya miaka miwili. Machi 2012, toleo la 3.3, sehemu kubwa ikarudi. Usingizi ukangoja kidogo zaidi, mpaka toleo la 3.5, ambapo Rafael Wysocki hakuupokea utaratibu wa Android ulivyo wala hakuukataa. Aliandika mwingine wenye umbo ambalo Linux inaweza kulibeba, unaoipa Android ilichokuwa inakitaka. Ule mshazari wa mzee wa mashua, mara ya saba.

Kwa MeeGo ilikuwa kinyume: mwenye mali aliondoka, mali ikabaki juu mtoni. Oktoba 2011 Carsten Munk na Robin Burchell walikusanya kilichobaki, wakakipunguza unene, wakakiita Mer, jina ambalo Munk alishalitumia awali kwa kujenga upya Maemo. Watu waliotoka Nokia wakaanzisha Jolla, wakajenga Sailfish juu ya Mer, na simu yao ya kwanza ikatoka Novemba 2013. Mwaka 2019 Mer yenyewe na ndugu yake Nemo zikaingizwa ndani ya Sailfish, muungano mwingine, safari hii bila jukwaa wala taa.

Ndani ya Xperia yangu leo vifurushi ni RPM, chaguo la Moblin. Sura ni Qt, chaguo la Maemo. Katikati ipo oFono, na hapo ndipo napenda kukaa, kwa sababu modemu ya simu hii haiongei AT wala ISI kwa njia waliyoitarajia mwaka 2009. Inafikiwa kupitia tabaka la Android lililoachwa chini kabisa. Watu wa Jolla waliandika mkalimani mwingine, wakamketisha pembeni ya kiini. Kiini hakikushtuka. Zile hali tatu za menyu zipo palepale.

Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye nguzo za gati na nahodha ameanza kuita abiria. Mzee wa mashua alikuwa bado anagonga. Nikabeba kambamiti wangu, nikageuka.

"Kaka!" Dada alikuwa amesimama, simu mkononi. "Hujatuma ya kutolea."

Nikaitoa tena simu, nikavuta kidole, nikaandika nyota mia moja hamsini.